Vigoda Viwili vya Jumapili ya Nne

Mimi fujo siwezi. Nasema mapema. Ukija kwangu Mshangano, hapa Songea, ukakuta kijiko kimelala kwenye beseni la vikombe, ujue kimewekwa na mgeni. Watoto wa darasa langu wananiita Mwalimu Nyoosha, wanadhani sijui. Najua sana, na siku zote nilihesabu kwamba ni sifa.

Kupanga mambo nilirithi kwa marehemu mama yangu, Walburga, ila yeye alipanga bila kelele. Wenzake mtaani, Krismasi ikibakiza siku mbili, wanagombania foleni ya mashine ya kusaga na kuwafokea watoto. Mama katulia tuli. Siri yake ilikuwa Majilio. Zile Jumapili nne za kungojea Noeli alizigawia kazi. Wiki ya kwanza ni ya kimea: ulezi unaloweshwa, unaoteshwa, unaanikwa kabla mvua hazijakaza, unasagwa na kufungwa kwenye ndoo kungojea togwa ya sikukuu. Wiki ya pili ni ya nyumba, mapazia na chokaa. Wiki ya tatu tunakwenda kwao Mpitimbi kufyekea makaburi. Jumapili ya nne hagusi kitu. Mimi nilijua kachoka, anapumzika. Mtu aliyefanya kazi yote ile angeachaje kuchoka?

Mama alituacha mwaka huu, wakati wa Kwaresima. Kichwa kilimuuma Ijumaa, na wiki iliyofuata tukamzika. Hata sasa nikisema naona kama nasingizia.

Siku ya kuanua matanga, ndugu walikaa kikao. Kaka yangu Edmund, kifungua mimba wetu, ana kazi serikalini Dodoma, na akizungumza huwa anashika tai hata kama hajaivaa. Akasema, "Baba amebaki peke yake. Asumpta kutwa yuko shuleni. Mimi naona mzee twende naye Dodoma."

Weee! Nilisimama katikati ya wazee wa ukoo, mwanamke mimi, nikasema baba hatoki. Ningemtunza mimi, na nyumba ya mama isingelala chafu hata siku moja. Wazee wakaguna. Edmund akanitazama, akasema, "Haya, mdogo wangu. Tungoje Krismasi. Nikija nikakuta nyumba inaeleweka, mzee anabaki. Nikikuta mambo shaghalabaghala, naondoka naye, na usinililie."

Niseme kilichokuwa moyoni: niliogopa. Mume sina, mtoto sikujaliwa. Baba akiondoka, ndani ya vile vyumba ningebaki mimi na redio. Ndiyo maana ile Krismasi niliing'ang'ania kama mtihani wa taifa.

Baba yangu ni Mzee Pankrasi, seremala aliyestaafu. Si msemaji. Tangu mama afe alikuwa na neno lake moja. Nikipita na ndoo, atasema, "Mama, kaa kidogo." Baba zetu wanatuita mama, ndivyo mapenzi yao yalivyo. Nami nitamjibu, "Nakuja baba." Kisha nafagia chini ya kiti chake, yeye ananyanyua miguu, nikimaliza namwambia shusha. Alikuwa anakula, anavaa nguo zilizopigwa pasi, dawa yake ya presha hapitishi. Kuna mzee gani Mshangano alitunzwa vile? Mnionyeshe.

Majilio yalipoingia nilianza kama mama. Lakini mvua mwaka huu haikuwa na adabu. Ilinikuta kimea kiko kwenye jamvi, nikakirudisha ndani mbio, nikakianika upya, siku zikaliwa. Kazi ya nyumba ikasukumwa mbele. Mpitimbi tulikwenda na baba, tukafyekea makaburi tukiwa tumelowa chapachapa. Ilipofika Jumapili ya nne, baraza lilikuwa halijapakwa chokaa. Nikasema mama alipumzika kwa sababu alimaliza, mimi sijamaliza, kwa hiyo nitapumzika Januari.

Asubuhi ile baba alirudi kutoka misa ya kwanza, hakuvua koti. Aliingia sebuleni, akatoka na vigoda viwili, vile alivyochonga mwenyewe kabla sijazaliwa, akaviweka barazani sambamba. Akakalia kimoja. Mimi nilikuwa ndiyo kwanza nimesugua sakafu, brashi ya chokaa mkononi.

"Baba! Hivi navyo vinakwenda wapi?"

"Nakaa."

"Kaa uani kwenye kiti cha plastiki. Hapa napaka, utachafua koti."

Nikavirudisha ndani. Kugeuka kidogo, naviona tena barazani, vyote viwili. Damu ikanipanda. Nikavinyakua, nikasema kwa sauti ambayo watoto wa darasa langu wanaijua, "Jamani baba, nawe umekuwa mtoto? Edmund anakuja kesho kutwa! Unataka akute hivi?"

Baba alitazama mikono yangu. Kisha akauliza taratibu, "Kimea kimekaaje mwaka huu?"

"Kimekaa vizuri. Nimepika togwa kidogo jana, nimeonja. Kimetoka kitamu."

"Umeonja."

"Nimeonja mwenyewe baba, usiwe na wasiwasi."

Akatikisa kichwa kukubali, akaenda zake uani akivua koti. Kwenye ukuta unaotutenganisha, jirani yangu Biasha alikuwa amesimama upande wake anatazama. Biasha ni Myao wa Nalasi, kule Tunduru kwenye korosho, Mwislamu safi, na tangu ahamie pale yeye na mama walikuwa chanda na pete.

"Asumpta," akasema, "kazi haiishi, anaisha mtu. Mpe mzee vigoda vyake."

"Wewe huna Krismasi, Biasha. Waachie wenye nayo."

"Sina Krismasi, lakini korosho zangu za Krismasi hujawahi kuzikataa." Tukacheka. Nilidhani ananitania tu, nikaendelea kupaka.

Edmund akaja na mkewe Pamela, Mnyaturu wa Singida. Wifi yangu huyu, Mungu anisamehe, ni mvivu wa kuzaliwa. Anaamka jua limeshapanda, anauliza chai iko wapi. Mkesha wa Noeli, mimi jikoni natokwa jasho na togwa, na likolo, mboga yetu ya majani ya sikukuu, na kuku wa kunyonyoa, yeye alinunua masuku, yale matunda ya porini, barabarani, bakuli zima, akaja kukaa kwenye ngazi ya baraza langu jipya. Hajapata kuyaona maishani mwake. "Baba, hivi haya yanaliwaje?" Baba akavuta kiti chake karibu, akamwonyesha: bonyeza kwa vidole, fyonza, tema kokwa. Na makokwa wanayatema wapi? Barazani! Nikatoka na ufagio mara ya kwanza, mara ya pili. Mara ya tatu nikasikia baba anacheka. Nilisimama mlangoni. Tangu mazishi sikuwa nimesikia kicheko kile. Moyo uliniuma kidogo, lakini maharage yalikuwa yanaungua, nikarudi jikoni.

Siku yenyewe, loo, kama mama angekuwepo! Tumetoka misani, muda si mrefu nikawa nimeshaandaa meza. Pilau, kuku, likolo la kisamvu cha karanga, korosho za Biasha kwenye sahani ya maua, togwa kwenye jagi limefunikwa kitambaa alichokishona mama. Hakuna aliyeitafuta chumvi. Edmund alizunguka nyumba nzima kama mkaguzi, akafungua hadi kabati la dawa za baba. Baada ya chakula akafuta mdomo, akasema mbele ya wote, "Mdogo wangu, umenishinda. Nyumba ya mama imesimama. Mzee anabaki."

Machozi yalinitoka palepale. Nikajificha kwa kukusanya sahani.

"Mimi nakwenda," akasema baba.

Tulidhani anataka kwenda chooni. Edmund akainuka kumshika mkono.

"Nakwenda Dodoma," baba akasema. "Na wewe na Pamela."

"Baba!" nikamwita. "Nimekukosea nini?"

"Hujanikosea, mama. Nakushukuru mbele ya hawa. Hakuna siku niliyolala na njaa." Akawa anakunja kitambaa cha kufutia mikono, anakikunja na kukikunjua. "Ila tangu mama yenu aende, mimi nafagiliwa tu. Unafagia, nanyanyua miguu. Unamaliza, nashusha. Jana huyu binti amekaa na mimi mpaka giza likaingia. Nimekumbuka kumbe bado nina maneno."

Pamela akainama, aibu imemjaa. Nilitamani kumtupia jagi, kweli kabisa. Badala yake nikaenda jikoni nikavunja sahani mbili, sijui kama kwa bahati mbaya.

Biasha ndiye aliyenikuta pale sakafuni. Alikuwa ameleta visheti. Nilimweleza huku nalia kwa kwikwi: nimefanya yote aliyofanya mama, wiki moja baada ya nyingine, sasa kosa langu liko wapi? Biasha akaanza kuokota vigae, hakunitazama.

"Hukufanya yote," akasema. "Jumapili ya nne hukufanya."

"Ile mama alikuwa anapumzika!"

"Nani kakwambia? Mimi nilikuwa naona kila mwaka kutoka pale kwangu. Wewe ulikuwa kwaya, mazoezi ya Noeli, unarudi jioni. Mzee anarudi kanisani, anatoa vigoda viwili. Mama yako anachukua togwa ya kwanza ya kile kimea kipya, anamtilia mzee kwenye kibuyu. Mzee anaonja, anasema tamu au bado. Basi. Wanakaa. Wanataja watu wao waliokufa, mmoja mmoja, wanacheka, wengine wanawalilia. Hata chakula cha mchana hawapiki. Siku moja nilimuuliza Walburga, dada, hii nayo ni ibada gani? Akaniambia, zile wiki tatu zote namalizia kazi ili nipate hii."

Naviona vile vigoda mkononi mwangu, mara ya kwanza, mara ya pili. Naliona lile koti ambalo hakulivua. Mwaka wa kwanza bila mkewe, baba yangu alitoa kigoda cha pili na kungoja nani akikalie, na mimi nikampigia kelele. Halafu nikamwambia nimeonja mwenyewe. Yesu na Maria.

"Ungenieleza siku ile, Biasha."

"Nilikwambia mpe vigoda vyake. Ukaniambia sina Krismasi."

Likizo ya Edmund ilikuwa fupi. Asubuhi ya safari niliamka, na kwa mara ya kwanza sikushika ufagio. Makokwa ya masuku yalikuwa yametapakaa ngazini, nikayaacha. Nikatoa vigoda viwili, nikaviweka sambamba. Baba alitoka amevaa koti. Aliviona akasimama kidogo, kisha akakaa, nami nikakalia cha mama. Ni kifupi kile, magoti yanakufika kifuani. Nikamtilia togwa iliyobaki kwenye kibuyu.

Akanywa funda moja, akashikilia mdomoni.

"Imechacha, mama."

"Najua baba. Nimechelewa."

Akanywa yote, akaninyooshea kibuyu. "Ongeza."

Edmund akapiga honi. Baba akasema, "Mwache apige." Tukakaa. Akanitajia shangazi yake wa Mpitimbi aliyekuwa anaogopa vyura, na fundi mwenzake aliyekata meza miguu mpaka ikawa kigoda. Akamtaja mama. Alisema, "Walburga alikuwa na ulimi kama wako, lakini alikuwa anakaa." Nikacheka na kulia kwa pamoja. Maneno ambayo sikuwahi kuyasikia katika umri wangu wote yalikuwa yanatoka, na gari linanguruma getini.

Nikajikaza nikauliza, "Baba, nikikaa nawe hivi kila siku, utabaki?"

Akafikiri, kweli alifikiri, hakunidanganya.

"Shule zinafunguliwa lini?"

"Januari, baba."

Akanipapasa kichwani kama alivyokuwa akifanya nikiwa mdogo. "Basi Krismasi ijayo nitakuja kuonja. Ukipika, usionje mwenyewe." Akainuka kwa kunishika bega. Pamela alimfungulia mlango, akamfunga mkanda, na wakaondoka wanazungumza. Nilimwona baba anaonyesha kitu dirishani na Pamela anageuza shingo kutazama.

Biasha alinisalimu kutoka ukutani, nikampungia mkono tu. Mchana mvua ikaja. Kigoda nilichokalia nilikiingiza ndani. Cha baba nilikiangalia kinavyoloa, mimi Mwalimu Nyoosha, na sikuweza kukinyanyua.