Vumbi la Bloku 9

Msumeno ulisikika kabla Selpha hajafungua mlango. Ulikuwa wa petroli, wa kukatia magogo, na ulinguruma kwa namna ya kitu kilichokwisha kushika mti na hakitaki kuuachilia. Selpha aliweka ndoo chini, akatafuta ufunguo, akadhani ni yule fundi wa milango wa hapo nyuma.

"Jumatatu na ashaanza fujo," alisema.

Ndani hapakuwa na mtu. Ofisi ya mradi wa ramani ilikuwa vyumba vitatu vya kukodi mtaani Pioneer, na chumba kikubwa kilikuwa na meza moja ndefu na ramani moja ukutani, pana kuliko kitanda. Sauti ilitoka kwenye ramani. Sakafuni chini yake palikuwa na vumbi la mbao, kiasi cha kujaza kopo la kilo mbili. Selpha alilifagia, akalitia kwenye gunia. Alikuwa na kuku nyumbani kwake Munyaka, na vumbi la mbao halitupwi na mtu mwenye kuku.

Wanjohi alifika saa mbili na nusu. Alikuwa ndiye mtu wa kwenda msituni: alipewa orodha ya pointi, akafika katika kila moja na GPS mkononi, akaandika kwenye fomu miti iliyosimama hapo. Fomu zikageuzwa kuwa rangi. Kijani kizito kilikuwa msitu wa asili, usioguswa. Rangi ya chungwa ilikuwa miti ya kigeni iliyopandwa, na penye chungwa paliweza kufunguliwa kwa wakata mbao. Kamati ilikuwa ikutane Ijumaa kuipitisha ramani.

Alisimama karibu na ukuta, akaweka sikio.

"Ni Bloku 9," alisema.

"Mimi sijui ni ngapi," Selpha alisema. "Nauliza tu kama nitakuwa nafagia hapa kila siku ama."

Ikawa kila siku. Msumeno ulianza saa mbili, ukanyamaza saa saba kwa chakula cha mchana, ukarudi saa nane, ukakoma saa kumi na moja. Madam Lorraine, mkuu wa mradi, aliagiza redio iwekwe juu ya kabati na sauti iongezwe. Mgeni akiuliza, aliambiwa ni ramani.

Jumanne jioni Wanjohi alichota vumbi lile kwa kiganja. Lilikuwa jekundu. Bluegum, ile mikaratusi ya kupandwa, haitoi vumbi jekundu la namna ile, wala hainuki kama penseli iliyochongwa sasa hivi, kama sanduku la nguo la nyanya yake. Ulikuwa mwerezi. Chini ya wekundu palikuwa na unga wa manjano mzito wenye michirizi myeusi, na huo ulikuwa mzeituni mwitu. Bloku 9 kwenye ramani ilikuwa ya chungwa kutoka mpaka hadi mpaka. Bluegum tupu. Yeye ndiye aliyeandika hivyo.

Aliikumbuka siku yenyewe. Ilikuwa Aprili, mvua haikatiki, na barabara ya kuelekea ukingo wa bonde ilikuwa uji. Zakaria, dereva, alikuwa amekwisha kuitoa gari topeni mara mbili. Mara ya tatu alizima injini.

"Mimi nimefika mwisho, boss," Zakaria alisema. "Hii gari si ya baba yangu, lakini pia siyo punda."

Kutoka dirishani bluegum zilionekana zimepangwa kando ya barabara, ndefu, nyeupe, hadi macho yalipoishia. Wanjohi alikuwa na pointi kumi na mbili ndani ya bloku ile. Aliweka fomu juu ya goti akajaza zote kumi na mbili. Bluegum. Bluegum. Bluegum. Mama mmoja mwenye gamubuti na leso kichwani alikuja hadi kwenye dirisha. Alikuwa Mama Jepkosgei, mwenye mizinga arobaini ya nyuki mle ndani.

"Mnahesabu mkiwa kwa gari?" aliuliza.

"Mvua, Mama."

"Hizo bluegum ni laini tatu tu. Baba yangu alipanda za kuonyesha boundary. Ingia uone chenye kiko nyuma."

"Tutarudi, Mama, jua likitoka."

Jua lilitoka wiki ya pili, na Wanjohi alikuwa amepelekwa upande wa Soy. Alikuwa amekwisha kutia sahihi.

Jumatano alimwandikia Madam Lorraine barua ya mistari minne. Alieleza kwamba hakukanyaga Bloku 9, kwamba alijaza fomu akiwa ameketi garini, na kwamba vumbi lililokuwa sakafuni lilikuwa la miti ya asili. Aliambatisha vumbi lenyewe ndani ya bahasha. Madam Lorraine alisoma barua, akanusa bahasha, akapiga muhuri wa IMEPOKELEWA juu ya vyote viwili.

"Na sasa?" Wanjohi aliuliza.

"Sasa imepokelewa."

"Madam, watakata msitu."

"Wanjohi, kazi ya uwanjani ilifungwa Juni. Gari imerudishwa. Nikibadilisha bloku moja, kila mtu ataniuliza kuhusu zile zingine. Kuna zingine ulijazia kwa gari?"

"Hapana."

"Sasa nitaamini aje?"

Alhamisi Zakaria alimleta Mama Jepkosgei kwa pikipiki ya shemeji yake. Hakuna aliyemtuma. Selpha alimpa kiti cha plastiki na chai, naye akaketi mbele ya ramani, mkoba mapajani, kama mtu aliyekuja kumtazama mgonjwa.

"Wameanza kukata?" Wanjohi alimwuliza.

"Hapana. Asubuhi nimeuacha msitu umesimama wote." Alisikiliza. "Lakini hii ni yetu. Hiyo ni tarakwet, mwerezi. Iko karibu na mto."

Msumeno ulipanda sauti, ukashuka. Kitu kizito kilianguka ndani ya karatasi na vikombe vikatikisika.

"Hiyo sasa ni emitiot, mzeituni mwitu," Mama Jepkosgei alisema. "Ni ngumu. Sikia vile inakataa."

Alitaja jina la kila mti hadi saa saba. Wanjohi alikaa sakafuni kando yake, na kila kulipodondoka vumbi jipya alilinusa, akasema jina, naye mama akamsahihisha. Mara tatu alikosea. Baada ya hapo hakukosea tena.

Alasiri uliangushwa mti wenye mzinga. Nyuki walitoka kwenye ramani kwa kitundu kidogo kilichokuwa kimetoboka palipoandikwa 9, wakazunguka taa, wakatua kwenye leso ya Mama Jepkosgei. Selpha alifungua madirisha.

"Hawa hawana shida," mama alisema. "Wananijua. Ni vile hawana pa kwenda."

Kamati ilikutana Ijumaa saa nne. Walikuwa watu saba. Viti vilipangwa kuielekea ramani, na kwa kuwa msumeno ulikuwa kazini, mwenyekiti aliwaomba wote wapaze sauti. Vumbi liliingia kwenye chai. Walifunika vikombe kwa nakala za ajenda wakaendelea. Bloku 1 ilipita, bloku 2 ikapita. Walipofika ya tisa Wanjohi alisimama.

"Hiyo rangi ni uongo," alisema. "Uongo wenyewe ni wangu. Mle ndani mna mierezi na mizeituni mwitu, na mito miwili. Mnaisikia ikianguka. Mnainywa kwa chai."

Mwenyekiti, mzee mpole mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, aliinua fomu.

"Hii sahihi ni yako, kijana?"

"Ni yangu."

"Hapa unasema bluegum. Leo unasema mierezi. Ulikuwa mkweli siku gani?"

Wawili walicheka, bila ubaya. Mwenyekiti alipangusa vumbi jekundu kwenye fomu apate kuisoma vizuri, akaisoma, akauliza wanaounga mkono. Mikono saba iliinuka. Katika kumbukumbu za kikao iliandikwa kwamba bloku 9 imepitishwa kama ilivyo, na kwamba kulikuwa na kelele. Wakata mbao wangeingia Jumatatu.

Mama Jepkosgei alikuwa amengoja nje ukutani, penye jua. Nyuki walikuwa bado kwenye leso yake. Aliwasogeza kando kwa kiganja, ili amwone vizuri Wanjohi alipotoka.

"Wamesema nini?"

"Wamepitisha."

Mama alitikisa kichwa taratibu. Ilikuwa saa saba na nusu na ramani ilikuwa kimya. Selpha alipita na gunia la nne mgongoni, akaelekea Munyaka. Zakaria alikaa juu ya pikipiki bila kuiwasha. Saa nane ilifika, na ndani ya ofisi msumeno ukashika mti mwingine.

"Ulisema utarudi," Mama Jepkosgei alisema. "Aprili. Ulisema jua likitoka."

"Nilisema."

"Na ukirudi sasa utaandika nini? Kisiki hakina majani. Utajuaje kilikuwa mti gani?"

"Kwa harufu, Mama," Wanjohi alisema, akipaza sauti ili imfikie. "Nitarudi. Nitazitembea zote kumi na mbili kwa miguu, na kila kisiki nitakiandika kwa jina lake."