Ufunguo Unawekwa Chini

Kuna watu wanaoogopa mbwa, kuna wanaoogopa polisi wa barabarani. Mimi mwaka huu niliogopa mkono wa kuume wa mama mkwe wangu.

Sikuogopa kwamba utanipiga. Niliogopa kwamba siku moja utaingia chini ya mashini ya kukata majani na kutoka nusu, na mimi nitakuwa nimesimama pembeni, nimeinamisha kichwa kwa heshima, kama mkwe mwema.

Mchumba wangu anaitwa Vanessa. Mama yake, Mama Jeanine, ni mjane, mtu wa Mahagi, na kazi yake hapa Bunia ni kukata majani kwenye parsele kubwa: nyumba za wageni, makao ya mashirika, uwanja wa parokia. Mashini yake si ile ndogo ya kusukuma kama kigari cha mtoto. Ni dubwana. Aliinunua Ariwara, imekwisha kutumika ng'ambo ya mpaka, inatembea yenyewe na wewe unaifuata nyuma kwa miguu, umeshika mipini yake miwili kama mtu anayelimisha ng'ombe. Chini ya tumbo lake kuna visu vitatu, na pembeni kuna mdomo unaotema majani. Ukiiona imezimwa unadhani ni meza ya chuma. Ikiwashwa, hata mbuzi wa jirani wanakumbuka kwamba wana kazi mahali pengine.

Msaidizi wake wa kwanza alimwacha akaenda Mongbwalu kutafuta dhahabu. Ndipo Vanessa akanitaja mimi: "Aimé alisoma mekaniki, achukue ile nafasi." Alisema kwa furaha, kwa kuwa si yeye aliyekuwa anaenda kufanya kazi na mama mkwe.

Maana kwao mkwe na mama mkwe hawaangaliani usoni. Hawagusani. Hawapeani kitu mkono kwa mkono: anayetoa anakiweka chini, anayepokea anaokota. Wala hawasemeshani moja kwa moja. Kama kuna neno la lazima, linapita kwa mtu wa tatu. Sasa kazini kwetu mtu wa tatu hakuwapo. Tukapitia mashini.

"Mashini," alisema asubuhi ya kwanza, amenipa mgongo, "ambia uyu mutu aangalie mafuta yako mbele ya injini kupata moto."

"Mashini," nikajibu huku nikiangalia tairi, "ambia mama mafuta iko muzuri, lakini filtre ya hewa imekula vumbi sawa mutoto mwenye minyoo."

Mgongo wake ukatikisika kidogo. Nadhani alicheka. Sura sikuiona, kwa hiyo siwezi kuapa.

Nisimsingizie: Mama Jeanine kazi anaijua. Kabla ya kuwasha, anatembea parsele nzima akiokota mawe, makopo, vipande vya waya, kwa sababu jiwe likipita kwenye visu linatoka kama risasi, na Bunia risasi zilizotuchosha zinatosha. Hatii esanse kwenye tangi injini ikiwa bado ya moto. Visu ananoa mwenyewe, kisha ananing'iniza kila kimoja kwenye msumari aone kama upande mmoja unazidi mwingine, sababu kisu kisicho sawa kinaitetemesha mashini mpaka inafungua bolti zake yenyewe. Kwenye mteremko anakata kwa kupita ubavuni, hashuki nayo moja kwa moja. Mtu kama huyo ungempa hata ndege ya kwenda Kinshasa airushe.

Ila vitu viwili. Cha kwanza, anavaa kandambili, za buluu, kila siku. Cha pili ndicho kilichoninyima usingizi. Juu ya mipini ya ile mashini kuna chuma chembamba cha kubana. Ukikibana kwa mkono, visu vinazunguka. Ukikiachia, umeanguka, umeteleza, umeitwa na simu, vinasimama. Hicho chuma ndicho rafiki pekee aliye naye mtu pale. Na Mama Jeanine alikuwa amekifunga kwa kipande cha mpira wa baiskeli, kikabaki kimebanwa siku zote. Mikono yake ililima miaka mingi, vifundo vinamuuma, hasa mvua ikinyesha. Kwa hiyo ukiachia mipini, mashini iliacha kutembea, lakini visu viliendelea kuzunguka tu, kama watu wa mkutano ambao hawakusikia kwamba umefungwa.

Nilijaribu. "Mashini," nikasema siku moja, "ambia mama kuko mutu alikufunga kamba, na weye unashindwa kupumuzika."

"Mashini," mgongo ukajibu, "ambia uyu mutu vifundo ni vyangu."

Nikampelekea Vanessa lile neno.

"Umuambie mwenyewe," akasema.

"Kwa kinywa gani?"

"Kile unanisumbuaka nacho kutwa. Aimé, Jumamosi Baba Tharcisse anatoka Mahagi juu ya posa yako. Weye unataka kwanza umufundishe mama kazi yake? Akiambia wajomba kama hakutaki, ndoa imekwisha, hata mahari hawataitaja."

Baba Tharcisse ni kaka wa marehemu baba yake, ndiye mwenye neno la mwisho. Niliwaza. Jioni ile, tulipokwisha kuosha mashini, nikaufungua ule mpira kimya kimya nikautupa. Asubuhi nikaukuta mwingine, mpya, umezungushwa mara mbili. Hakuna aliyesema kitu, hata mashini.

Alhamisi tulikuwa na kazi kwenye nyumba ya wageni upande wa Mudzipela. Parsele yenyewe ina mteremko unaoshuka mpaka kwenye mtaro, na mvua ilikuwa imepiga usiku wote. Majani yalikuwa marefu, yamelala, yamelowa kama mbwa.

"Mashini," nikasema, "ambia mama jua likianika kidogo itakuwa heri. Majani ya maji inaziba tumbo yako."

"Mashini, ambia uyu mutu wageni wanaingia saa sita. Jua halilipi kodi ya nyumba."

Sentineli wa pale, Mzee Laurent, alikuwa amekaa kwenye kiti chake akilinda geti. Naye ni mtu wa Mahagi, anaijua desturi mpaka mizizi yake. Aliniangalia kwa huruma. "Mukwe," aliniambia kwa sauti ya chini, "weye fyeka pembeni, nyamaza, kula chakula, oa."

Nilishika reki, nikapanda juu ya mteremko kukusanya majani yaliyokatwa. Mama Jeanine alikuwa chini yangu, anapita ubavuni, mstari baada ya mstari. Mimi nilikuwa ninakusanya majani kwa jicho moja. Jingine lilikuwa kwenye mkono wake wa kuume.

Kisha mlio ukabadilika. Mtu aliyesoma mekaniki anausikia tumboni kabla ya masikioni. Injini ilikuwa inalia bado, lakini ngurumo ya visu ilikuwa imekufa, na badala yake mkanda unaovizungusha ulipiga kelele kama nguruwe anayekamatwa. Tumbo la mashini lilikuwa limeshiba majani ya maji, visu vimekwama. Vimekwama, havijazimwa. Injini ilikuwa bado inavisukuma, inatafuta tu nafasi.

Mama Jeanine aliachia mipini. Mashini ikasimama. Akaizunguka mpaka kwenye mdomo wa pembeni, akainama. Visu alivyoviona vilikuwa havizunguki. Kwa macho yake vilikuwa vimelala.

Nikaita. Ndiyo, niliita, lakini sikia nilivyoita: "Mashini, ambia mama..." Niliiambia mashini, kwa sauti, katikati ya kelele ya mashini yenyewe. Hakusikia. Alipiga lile donge la majani kwa mguu, mara ya kwanza, mara ya pili. Kandambili ikanasa ndani ya donge, mguu ukatoka mtupu. Akasonya, akakunja mkono wa blauzi, akaanza kuuingiza.

Nikatupa reki. Wakati ninakimbia kushuka, kichwa kilikuwa kinanipigia hesabu: ufunguo wa kuzima uko kule kwenye mipini, upande wa pili, mama yuko upande huu. Nikiufuata ufunguo, desturi imepona. Nikimfuata mama, mkono umepona. Nilitaka viwili. Miguu yangu, ambayo haikusoma sana, ilichagua yenyewe.

"Mama Jeanine, toa mukono."

Ilikuwa mara ya kwanza kulitaja jina lake mbele yake. Aligeuka kwa mshangao, si kwa kutii, na mkono ulikuwa bado ndani mpaka kiwiko. Nikamkamata kiunoni kwa mikono yote miwili, nikamvuta, matope yakatutelezesha, tukaanguka pamoja, mimi chini, yeye juu ya kifua changu, na desturi zote za Mahagi juu yetu.

Hapo ndipo donge likaachia. Visu vikaamka kwa mlio mmoja, na ule mdomo ukatema majani, matope, kisha vipande vya buluu. Kandambili nzima ilitoka kama karanga za kukaanga, ikatunyeshea. Kipande kimoja kikaangukia kwenye kitambaa chake cha kichwa kikabaki pale.

Niliinuka, nikazunguka kwa mbali, nikageuza ufunguo.

Mzee Laurent alikuwa amesimama getini, amefunika mdomo kwa kofia yake. Nilijua kabla ya saa sita soko lote litakuwa na habari: mkwe amemkumbatia mama mkwe kwenye majani, mchana, na wameanguka.

Mama Jeanine alikaa palepale kwenye matope. Aliokota kipande kimoja cha buluu, kile chenye alama ya kidole gumba, akakigeuza upande huu na ule. Kisha akautazama mkono wake. Ulikuwa na mkwaruzo mmoja na majani mengi. Akaushika kwa mkono wa kushoto kana kwamba ni kuku anayetaka kukimbia. Mimi niliangalia mtaro. Nilitamani kuingia ndani yake.

"Mashini," akasema mwishowe, "uliza uyu mutu nani alimutuma."

"Mashini," nikasema, "ambia mama... ambia mama niliogopa."

Akainuka kwenye matope. Alikwenda nyumbani kwa mguu mmoja mtupu. Mimi nilimaliza kusafisha lile tumbo, nimechomoa waya wa buji, ile inayotoa cheche, nimetoa ufunguo nikautia mfukoni. Hata hivyo kila nilipoingiza kijiti nilirudi kuangalia mfukoni kama ufunguo bado uko.

Siku mbili zile sikula vizuri. Vanessa aliniambia mama amejifungia, hasemi. "Umemugusa kweli?" akaniuliza.

"Nimemugusa."

"Wapi?"

"Vanessa, uliza nilimuacha na nini, si nilimugusa wapi. Nilimuacha na mukono."

Kwenye simu nikasikia anavuta pumzi ya kilio.

Jumamosi Baba Tharcisse alikaa kwenye kiti kikubwa, wajomba pembeni, sisi watu wa posa tumepangwa kwenye benchi kama wanafunzi waliochelewa. Hakuzunguka. "Tumesikia uyu kijana alimuangusha chini muke wa kaka yangu. Mbele ya sentineli. Ni kweli ao ni bongo?"

"Ni kweli, baba," nikasema.

"Kwetu ile kitu iko na mbuzi ya faini. Na kiisha mbuzi, iko na maneno. Mutu anakosa heshima mbele ya ndoa, kiisha ndoa atafanya nini?"

Mjomba wangu alianza kukohoa ili atafute la kusema. Mama Jeanine alikuwa amekaa kwenye mkeka, nyuma ya mlango, kama desturi inavyotaka, hatuonani. Tukasikia mkeka unasukumwa. Mikono miwili ikatokea pembeni ya mlango, mikono tu, vidole vimetawanywa, vifundo vimevimba.

"Baba Tharcisse," akasema sauti yake, "hesabu."

"Nihesabu nini?"

"Vidole. Hesabu, kiisha useme mbuzi iko ya nani."

Yule mzee, Mungu amweke, akahesabu kweli. Aliinama mbele, akahesabu kwa kidole, midomo inatembea. Alipofika mwisho akajifuta uso.

"Mbuzi italetwa na mwenye mukono," akasema. "Desturi inabaki na mbuzi yake. Sasa tuongee mahari."

Jumatatu tulirudi kazini. Nilikuta viatu vya mpira, virefu, vimesimama kando ya mashini, na Mama Jeanine yumo ndani yake. Ule mpira wa baiskeli haukuwepo juu ya mipini. Kile chuma cha kubana alikuwa amekivisha kitambaa laini cha kitenge, kimeshonwa vizuri, kwa ajili ya vifundo. Na akasema, amenipa mgongo, kwamba mstari mmoja atakata yeye na mmoja uyu mutu, ili mikono ipumzike. Aliiambia mashini.

Karibu na saa nne majani yaliziba tena. Injini ikabadilisha mlio, na mimi jasho likanitoka kabla sijajua nimesikia nini. Mama Jeanine aliachia chuma. Visu vikafa. Akazima. Akachomoa ufunguo, akauchomoa na waya wa buji, akaja mpaka katikati yetu akiangalia pembeni, akauweka ufunguo chini, juu ya jani, kama tunavyowekeana vitu vyote.

Nikauokota. Ulikuwa wa moto.

"Mashini," akasema, "uliza uyu mutu kama ufunguo iko kwake."

"Mashini," nikajibu, "ambia mama iko kwangu, nimeukamata."

Ndipo akapiga magoti na kuingiza mkono. Niliubana ule ufunguo kwenye kiganja mpaka ukaniachia alama, na sikupumua sawasawa mpaka mkono ulipotoka, umejaa majani, na nikauangalia, kidole kwa kidole.