Mtu wa Ghorofa ya Tatu

Wenzake jaridani walimwita Timazi, kwa jina la ule uzi wenye kipande cha chuma ambao waashi huutumia kupima kama ukuta umesimama wima. Jina halikumuudhi. Kwa kweli lilimpa kichwa kidogo. Alikuwa mtu wa kutembea miji ya watu akipiga picha za majengo, na ukuta ukionekana umelala kidogo tu katika picha yake, hali wala halali mpaka aunyooshe. Picha zake zilikaa katika lile jarida linalowekwa kwenye mfuko wa kiti cha ndege, zikitazamwa na watu waliofungwa mikanda wasio na la kufanya. Lakini walizitazama, na yeye alijua kwamba wanazitazama.

Siri ya picha zake ilikuwa hii: mji haukuwa na watu. Hata saa nne asubuhi, barabara imefurika magari na mikokoteni na wanafunzi waliochelewa, picha ya Timazi ingetoka haina mtu hata mmoja, barabara tupu, majengo yamejisimamia kwa fahari zao. Aliweka kioo cheusi mbele ya lenzi, akaiacha kamera wazi dakika nne nzima juu ya miguu yake mitatu. Katika dakika nne, kila kinachotembea hutoweka. Gari halibaki, mpita njia habaki. Kilichobaki kwa ukaidi, kama nguo zilizoanikwa, nyaya za umeme au mlinzi aliyesinzia mlangoni, alikiondoa baadaye kwenye kompyuta. Kazi hiyo aliiita kupiga deki, na aliifanya huku akipiga mluzi.

Sasa, huyu Timazi alikuwa na shangazi. Tena si shangazi wa kukutana naye harusini na kuulizana hali. Mama yake alifariki yeye akiwa na miaka sita, na shangazi mtu akamchukua, akamlaza kitanda kimoja na binti yake, akamlea kwa cherehani ya kushonea sare za shule mpaka akaota ndevu. Miaka miwili nyuma, shangazi alihamia mji mwingine kukaa na binti yake huyo, ambaye ni muuguzi. Timazi aliahidi kwenda kuona wanapokaa. Aliahidi sikukuu ya kwanza, akaahidi ya pili. Kila akipigiwa simu, alikuwa amebanwa.

Basi jarida likamtuma siku nne kwenye mji huohuo, naye hakumwambia shangazi. Msimtetee, maana hata mwenyewe hakuwa na la kujitetea. Alijipigia hesabu kwamba shangazi akijua tu, siku nzima imekwenda: atakaribishwa, atalishwa, ataonyeshwa kwa majirani kama kabati jipya, na jua zuri litakuwa limekwisha. Akajiambia atamtokea ghafla siku ya mwisho. Siku ya mwisho ikaja na mwanga wa ajabu, akapiga picha mpaka saa ya teksi. Alipofika uwanja wa ndege dhamiri ikamchoma kidogo, akampigia simu.

"Uko wapi mwanangu?" shangazi akauliza.

"Niko mbali huku, shangazi. Kazi tu. Hata sijui nitapita lini kwenu."

Shangazi alinyamaza kidogo. Timazi alidhani ni mtandao.

"Haya," shangazi akasema. "Ufike salama."

Siku ya tatu baada ya kurudi, nyumbani kwake, alikaa kwenye kompyuta kuzisafisha picha. Moja ilikuwa kiboko yao: jengo la kale la ghorofa nne, rangi ya manjano imebanduka, vibaraza vya chuma kilichosokotwa, madirisha ya mbao marefu. Barabara mbele yake ilikuwa tupu kabisa. Kasoro ilikuwa moja. Kwenye kibaraza cha ghorofa ya tatu alisimama mtu, mwanamke mwenye kilemba, naye hakuwa ukungu kama wanavyokuwa watu katika picha za namna hiyo. Alitoka wazi. Hata pindo la kilemba lilionekana. Timazi alishangaa, maana nani anaweza kusimama dakika nne bila kujitikisa?

"We bibi," akasema kwa sauti, peke yake chumbani, "huna kazi ya kufanya?"

Akapiga deki. Haikumchukua hata dakika mbili. Alinakili dirisha la jirani akalibandika pale, akaongeza kivuli kidogo, na bibi akawa hakuwahi kuwepo. Picha ikapendwa sana ofisini, ikawekwa jaladani.

Mwezi mmoja na nusu baadaye, mtoto wa shangazi akapiga simu.

"Kaka, hongera. Tumeliona jarida. Mgonjwa wangu mmoja alishuka nalo kwenye ndege, nikamwomba."

"Asante, dada. Mmeionaje picha?"

"Nzuri. Hilo jengo la kwenye jalada unalijua ni la nani?"

"La nani?"

"Ndiyo kwetu. Tunakaa ghorofa ya tatu."

Timazi alikuwa amesimama akakaa.

"Mama alikuona siku ile," dada akaendelea, na sauti yake haikuwa ya ugomvi, jambo ambalo lilikuwa baya zaidi. "Alikutambua ng'ambo ya barabara, ulivyosimama umegeuza mgongo unatazama jua, mkono kiunoni kama mama mkwe. Akakuita, magari yakamzidi kelele. Akataka kushuka, fundi viatu wa pale chini akampigia ukelele, 'Mama, anapiga picha, usitikisike!' Basi akarudi akasimama. Si unamjua na mambo ya picha?"

Alimjua. Kila mwaka utotoni shangazi aliwapeleka studio, akawapaka mafuta mpaka wakang'aa, akawaambia wasipumue mpaka mpiga picha aseme. Kwake, mtu anayejitikisa mbele ya kamera amekosa heshima.

"Alisimama mpaka ulipofunga kamera yako. Mpaka ashuke zile ngazi, na goti lake lile, hukuwepo. Tukamwambia pengine una haraka. Jioni ukampigia ukasema uko mbali. Unajua alituambia nini? Alisema unamficha, unataka kumshangaza na picha. Jengo zima linajua kwamba ulikuja kumpiga picha. Sasa jarida limefika, ameangalia na miwani yake, akaazima na ya jirani. Hajioni. Anasema mtambo umekosea." Dada akashusha pumzi. "Mtambo ulikosea, kaka?"

"Nakuja," Timazi akasema. "Mwambie nakuja."

Alikata simu akaifungua picha ya asili, ile ambayo haijapigwa deki. Akaikuza, akaikuza tena. Shangazi yake alimtazama kutoka kibarazani, mikono miwili juu ya chuma, kifua mbele, mdomo ameubana kama mtoto anayenyweshwa dawa. Pumzi bila shaka aliiiba kidogokidogo, dakika nne zote. Timazi aliona haya kiasi kwamba alitazama mlangoni, kama kuna mtu amesimama pale anamwona. Alikuwa amemtazama uso kwa uso mtu aliyemlea, akamuuliza kama hana kazi.

Aliichapisha picha ile kubwa, akaitia kwenye fremu ya mbao na kioo, akaipakata safari nzima. Na safari nzima alikuwa akitunga uongo. Usishangae. Mtu mwenye haya ana akili nyingi sana kuliko siku zake zote. Angesema ni mhariri. Angesema alilipelekea jarida picha nzima, yenye shangazi ndani yake, na wale watu wasio na utu wakaikatakata bila kumuuliza. Mhariri hamjui shangazi, shangazi hamjui mhariri, na hakuna atakayeumia. Alipofika alikuwa ameshaanza kumkasirikia mhariri kwelikweli.

Fundi viatu, mzee mnene aliyekaa chini ya ngazi na kiatu mapajani, alimtambua kabla hajafungua mdomo.

"Mpiga picha wetu huyo! Panda, panda, mama yuko juu. Akikuona goti litapona!"

Shangazi alimfungulia akamkumbatia mlangoni hapohapo, fremu ikiwa katikati yao. Alikuwa amepungua. Chumba kilikuwa kidogo, safi, cherehani imefunikwa kitambaa, na jarida lilikuwa mezani, limeshikwashikwa mpaka jalada limelegea.

"Nimekuletea picha yako," Timazi akasema.

Shangazi aliipeleka dirishani penye mwanga. Aliitazama kwa muda mrefu. Kisha akacheka, kicheko kile cha zamani cha kuinamia mbele.

"Si niliwaambia! Nimo! Jamani, nimo!" Akatoka kibarazani akapaza sauti chini. "Fundi! Waite na wenzio, njooni muone! Nimo!"

"Ni wale wa jarida, shangazi," Timazi akasema upesi alipoingia tena. "Mimi niliwapa nzima. Mhariri ndiye aliyekufuta."

"Watu hao hawana adabu," shangazi akasema, lakini hakuwa na hasira. Furaha ilikuwa imemjaa, hasira haikupata nafasi. Alikaa akaiweka picha magotini, akaipangusa kioo kwa upindo wa nguo. "Hebu niambie. Uliponiona huko kwenye kompyuta yako, nimejikausha hivi, ulicheka?"

Alimtazama akisubiri, uso umekunjuka, tayari kucheka pamoja naye. Timazi alikuwa na jibu. Lilikuwa jepesi, neno moja tu. Likamkwama.

"Ni mimi, shangazi."

"Wewe nini?"

"Mimi ndiye niliyekufuta. Mhariri hakugusa kitu."

Shangazi aliitazama picha, kisha akamtazama yeye, kisha picha tena.

"Nilikuharibia?" akauliza polepole. "Maana nilifikiri nikitulia sitakuharibia."

"Hapana, shangazi. Hukuharibu kitu. Sikukutambua. Niliona mtu tu, nikamtoa."

Sauti za watu zilisikika chini zikianza kupanda ngazi, fundi viatu akizitangulia kwa kuhema na mzaha. Shangazi aliendelea kupangusa kioo ambacho kilikuwa kimeshatakata.

"Ungenitambua ukanitoa, ningeelewa," akasema. "Ni kazi yako, una vipimo vyako. Hata mimi nimewahi kukata kitambaa kizuri. Lakini mimi nilikutambua wewe toka huku juu, umenipa mgongo."

"Nisamehe, shangazi."

"Pangusa macho, wanakuja." Alisimama, akajinyoosha kilemba. "Na hao usiwaambie. Sema ni wa jarida, kama ulivyosema kwanza."

"Nitawaambia ukweli. Ni haki yao kujua ni mimi."

"Ni haki yao ipi?" Kwa mara ya kwanza sauti yake ilipanda. "Mwezi na nusu nawaambia mwanangu alikuja kwa ajili yangu. Unataka wanione mimi ni nani? Usiniaibishe mara ya pili."

Mlango ukajaa watu. Fundi viatu aliingia wa kwanza na kiatu cha mtu bado mkononi, nyuma yake majirani wa ghorofa ya pili, mama mmoja na mtoto mgongoni, na mwalimu mmoja mstaafu aliyekuja na ile miwani ya kuazimwa. Picha ikapita mikono kwa mikono. Wakamwona. Wakapiga vigelegele.

"Tazama alivyosimama, kama anakagua gwaride!" fundi viatu akasema, na chumba kizima kikacheka, shangazi naye akacheka nao. "Sasa aliyemfuta ni nani?"

Wote wakamgeukia Timazi.

"Ni mtu wa jarida," akasema. Sauti ilitoka ndogo mno, ikabidi airudie. "Mtu mmoja wa jarida."

"Mshenzi!" mwalimu akasema.

"Hebu fikirini," fundi viatu akaanza, amepata mada. "Unamwona mama wa watu amesimama hivi, hapumui kwa ajili yako, halafu unamfuta kama doa! Mtu wa namna gani huyo? Hivi yeye ana mama kweli?"

Wakacheka tena, wakimtazama Timazi awape jibu, maana yeye ndiye anayewajua watu wa jarida.

"Anaye," shangazi akasema. Alikuwa amewapa mgongo, anatafuta msumari ukutani wa kuitundikia ile picha. "Mwacheni mtoto wa watu. Mama anaye."

Fundi viatu akasema basi huyo mama ana kazi, na wengine wakakubali. Timazi akakubali nao kwa kichwa, kama alivyoagizwa, masikio yakimwaka moto, hakujua aweke wapi macho yake katika chumba kile kidogo.