Mbegu ya Bwana Shamba

Tsahara alikuwa amepiga debe hadi mkono ukafa ganzi, na ndege hawa, kwelea, hawana habari. Akiwafukuza huku, wanatua kule, wanaendelea kula. Mashamba ya majirani yalikuwa bado mabichi. Uwele uliokomaa ulikuwa wake peke yake, na ndege wa Maradi nzima walishapata taarifa.

Kosa lake? Alipanda mvua ya kwanza ilipogusa mchanga, kama mama yake na bibi yake. Uwele wa zamani, upande mapema au uchelewe, husubiri mvua ziishe ndipo ukomae, kijiji kizima kwa pamoja. Huu wa bwana shamba haumsubiri mtu. Ulikomaa katikati ya mvua, nusu ukashika ukungu, nusu ndiyo hiyo inaliwa. Nani alimwambia achelewe kupanda? Hakuna. Aliambiwa tu kwamba asiyepanda mbegu mpya asahau mchele wa msaada.

Jua lilipopanda, gari likasimama kando ya kibao walichomwekea shambani, kilichoandikwa "shamba la mfano". Bwana shamba Mamane akashuka na wageni watatu kutoka Niamey. Nyuma kulikuwa na magunia ya mchele. Mamane alipoona mabua matupu, uso ukamshuka, akamvuta Tsahara pembeni.

"Mama Balki, umenifanyia nini?"

"Mimi? Waulize ndege."

"Ulipanda mapema mno. Mbegu hii ina siku zake."

"Ndiyo unaniambia leo?"

Mamane akageuza macho. Alikuwa anatazama jikoni, ambako mama mkwe wa Tsahara, Hajo, alikuwa ametundika masuke ya uwele wa zamani juu ya moshi yasiliwe na wadudu. Marefu kama mkono, yana miiba ambayo ndege hawaitaki. Ndiyo mbegu pekee iliyobaki nyumba ile.

"Kayalete," akanong'ona. "Uyashike, upigwe picha, useme ndiyo mavuno ya mbegu mpya. Mchele wako upo garini."

Balki na wadogo zake walikuwa wamelalia uji mwepesi. Tsahara akayaleta. Akapigwa picha, akasema alichoambiwa, wageni wakapiga makofi.

Kisha mgeni mwenye miwani akanyoosha mkono. "Haya tunakwenda nayo, tukawaonyeshe wenzetu."

"Hayaendi popote," Tsahara akasema.

Mamane akajichekesha. "Mpe mgeni, mama. Utaletewa mbegu nyingine."

"Hii ni ya mama mkwe wangu, ile mliyotuambia tuitupe. Yenu ni hayo mabua. Mkitaka, ng'oeni mwende nayo."

Wageni wakatazamana. Mamane akamsogelea. "Basi mchele umeukataa mwenyewe."

"Kawaambie wanangu hivyo. Wale pale mlangoni."

Mamane hakwenda. Gari likaondoka na magunia yote.

Tsahara akarudi jikoni, akaanza kuyatundika masuke.

"Wametupatia mchele?" Hajo akauliza.

"Hapana, mama."

Mama mkwe akawatazama wajukuu.

"Bakisha mawili chini," akasema. "Utwange, watoto wale."