Si Tairi, Rahila

Rahila alipomaliza eda, jambo la kwanza alilofanya lilikuwa kulifunua gari la marehemu mumewe. Lilikuwa gari la spoti, viti viwili, buluu iliyokoza. Safwan alilinunua likiwa limeshatumika, miaka miwili kabla ya mshipa kumpasuka kichwani akiwa kazini. Miezi minne na siku kumi lilikaa chini ya turubai, uani kwao, mtaa wa Ansab. Sasa Rahila alitaka liuzwe tu. Hakuwa na hasira nalo wala mapenzi. Tangu siku ya maziko hakuhisi kitu chochote ndani yake. Watu walimlilia begani naye akawapa tishu.

Asubuhi alilitoa kulipeleka Wattaya, kwenye maduka ya magari. Juu ya daraja la barabara kuu, kasi mia, aliona lori mbele akaondoa mguu kwenye mafuta. Kitako cha gari kikahama kushoto, kikarudi, kikahama tena. Usukani ulikuwa umenyooka. Nyuma yake mtu akapiga honi ndefu. Rahila aliitazama mikono yake ikifanya kazi kama mikono ya mtu mwengine. Hata moyo haukumwenda mbio.

Hakufika Wattaya. Alitoka barabara kuu, akaenda polepole mpaka gereji moja ya mtaa wa Ghala aliyoelekezwa zamani na mwenzake wa maabara ya hospitali. Fundi wake alikuwa Kiggundu, mtu wa Kampala, mfupi, wa makamo, mwenye Kiswahili cha bara.

"Madam, inasumbua wakati gani? Ukikamata breki, ama ukiwa unatembea tu?"

"Sijui. Mie nimeiendesha leo tu. Ni ya mume wangu."

Kiggundu akaenda kuliendesha mwenyewe, akarudi anatikisa kichwa. "Mara inafanya, mara haifanyi. Hii kitu mpaka ujue inaanza vipi." Akapima upepo wa tairi zote nne, ulikuwa sawa. Akayatikisa magurudumu; yalikuwa imara. Akajifuta mikono. "Mume wako anasemaje? Yeye ndiye anaijua."

Safwan alikuwa akisema. Alisema mezani, na Rahila akamjibu kwamba gari haina neno, mwenyewe ndiye amezeeka, gari za vijana hizo. Baadaye akaacha kusema mezani, akawa anamtumia sauti kwenye simu. Kazini simu ilikaa kwenye mtoto wa meza. Akiitoa, Rahila alijibu kwa alama ya kidole gumba, bila ya kusikiliza.

"Amenitumia sauti," alisema. "Zimo humu."

"Fungua tusikie."

Ilibidi atafute. Sauti tatu zilikuwa bado na alama ya kutofunguliwa. Akabonyeza ya kwanza.

"Rahila, leo imenifanyia tena," alisema Safwan. "Kila nikipita pale daraja linapoungana, nyuma inahama. Mbele imetulia, nnakwambia. Ni nyuma."

Kiggundu aliinama juu ya simu. "Rudisha kidogo. Amesema nyuma?"

Akarudisha. Safwan akasema tena.

Ya pili: "Nimetia tairi mpya mbili za nyuma. Upepo nimepima. Bado. Si tairi, Rahila. Najua utasema ni mimi." Akacheka kidogo, na taa ya kukatia kona ikasikika ikigonga tik, tik.

Ya tatu: "Nimeshajua inapoanza. Nikikanyaga mafuta imenyooka. Nikitoa mguu tu, kitako kinataka kunipita. Gurudumu la kushoto kama linageuka peke yake. Ukirudi ntakueleza. Halafu, ninunue samaki?"

Chini yake kilikuwapo kidole gumba. Rahila alijaribu kukumbuka kama siku ile walikula samaki. Hakukumbuka.

"Huyu mzee anajua gari," alisema Kiggundu. "Nusu ya kazi amenifanyia. Msalimie sana."

"Ntamsalimia," alijibu Rahila.

Kiggundu akalipandisha gari juu, akaenda moja kwa moja nyuma kushoto. Akapenyeza mtaimbo kati ya bodi na mkono wa chuma unaoshikilia gurudumu, akakandamiza. Mkono ukacheza.

"Khalas, nimeipata, njoo uone. Hii bushi, mpira wake umekatika wote. Ukikanyaga mafuta, mkono unavutwa, unatulia. Ukitoa mguu, unarudi, na gurudumu linageuka nje. Ni kama kuna mtu nyuma ameshika usukani wake." Akaukwangua mkono kwa bisibisi, chini ya rangi nyeusi chuma kilikuwa na makunyanzi. "Hapa ilipinda, ikanyooshwa kwa moto, ikapakwa rangi. Hii gari iligonga. Aliyeuza alificha."

Rahila alitazama chuma. Aliitafuta hasira, akakuta pahala pake patupu.

"Ingeweza kumuua?"

"Kwenye kona, na mvua? Ingeweza."

"Haikumuua. Alikufa kwa maradhi. Huu mwezi wa tano tangu afe."

Kiggundu aliuweka mtaimbo chini taratibu, usilie. "Madam. Na mimi nakuambia umsalimie."

"Si neno. Hukujua."

"Pole sana."

"Ahsante. Itengeneze."

Siku ya tatu aliitwa. Mkono ulikuwa mpya, bushi mpya pande zote mbili, magurudumu yamepimwa kwa mashine. Kiggundu akampa ufunguo, akakaa kiti cha pembeni. Juu ya daraja lile lile, kasi mia, Rahila aliondoa mguu kwa makusudi. Gari likanyooka. Akakanyaga, akaondoa tena. Likanyooka.

"Umeona?"

"Nimeona."

Alidhani kitu kingemjia hapo. Alingoja mpaka daraja likaisha.

Nyumbani, Bi Lamya, mama yake Safwan, alikuwa ukumbini. "Ilikuwa na kasoro kweli?"

"Kweli, mama. Alikuwa akisema kweli."

Bibi alikunja kanga yake mapajani, akaikunjua. "Na mie alinambia. Nikamwambia, iuze, unipumzishe." Kisha akasema, "Nnataka hewa. Nipeleke ufukweni Bustan."

Rahila alizishuka kona za mlimani moja baada ya moja, nyuma ikifuata mbele. Kwenye kona kali Bi Lamya aliguna kidogo kwa kuridhika. Walipofika ufukweni bibi hakuweza kutoka garini. Kiti kilikuwa chini mno. Rahila akazunguka, akamshika mikono yote miwili, akavuta. Bibi akanyanyuka nusu, akarudi kitini kwa kishindo. Mara ya pili vile vile. Bi Lamya akaanza kucheka, akacheka mpaka mtandio ukamshuka mabegani na machozi yakamtoka, na machozi yalipoanza hayakuwa tena ya kicheko.

Rahila alisimama mlangoni mwa gari, hakuiachia ile mikono. Ilikuwa na joto. Kwa muda alilisikia joto lile waziwazi.

"Vuta, mwanangu," alisema Bi Lamya.

"Nnavuta, mama."