Mbuzi wa Mama Kabula

Mbuzi alichaguliwa na Mzee Kasmiri mwenyewe. Jumamosi asubuhi aliingia zizini kwa Veronica, Mama Kabula, kofia kichwani, fimbo kwapani, akawapapasa mbuzi wanne tumboni mmoja baada ya mwingine, kisha akamshika jike mweupe mwenye doa shingoni. "Huyu ndiye atakayetupatanisha," akasema. Sasa Philomena alikuwa amepiga magoti nyuma ya jiko la shule, mikono imelowa hadi viwikoni, akitazama kilichotoka tumboni mwa mbuzi huyo: vitoto viwili, vimekunjana pamoja, hata manyoya havijaota.

"Alikuwa na mimba," alisema.

Mayige wa kamati, aliyeshika kisu, hakuinua macho. "Nyama ni nyama, Mama Nancy." Akavirusha nje ya ua. Mbwa wakavigombea.

Mdomo wa Philomena ulijaa mate, yale mate ya mtu anayetaka kutapika. Mzee Kasmiri amefuga tangu utotoni. Mfugaji gani wa Bariadi anapapasa tumbo la mbuzi asijue lina nini ndani? Alijua. Alimchagua kwa kuwa amenona, basi.

Na kusema kweli, Umoja wa Wazazi wa shule ile ya njia ya Nkololo ulianza kwa wema. Wazazi waliona watoto wao wa sekondari wanashinda na njaa, wakakubaliana kupika makande, mahindi na maharage yao wenyewe, kila mzazi na zamu yake ya kuni na maji. Watoto wakashiba. Klabu za jioni zikachangamka: ya mazingira, ya ngoma, na ile ya midahalo, ambayo mwenyekiti wake alikuwa Kabula wa kidato cha nne, binti wa Veronica, mtoto ambaye akisimama kusema hata wapishi huacha vyungu wakaenda dirishani kumsikiliza.

Lakini watu wakipewa vyeo vidogo ndipo huota mapembe. Kamati ya Umoja ilianza na viti vya mbele, ikaja sahani ya pembeni, na siku ya wazazi, alipochinjwa ng'ombe wa watoto, wanafunzi walikunywa mchuzi nje na kamati ikajifungia ofisini na nyama. Veronica akasimama mbele ya watu wote, akauliza, "Huyu ng'ombe alikuwa wa watoto au wa kamati?" Watu wakacheka mpaka wakashika mbavu. Mzee Kasmiri, mwenyekiti, hakucheka.

Wiki mbili hazikupita, Veronica akakosa zamu yake ya kuni. Alikuwa amempeleka mama yake hospitali. Kwa Kasmiri hilo lilitosha.

Huko vijijini kwetu, asiyeshiriki misiba wala kazi za wenzake hutengwa. Hasalimiwi, haazimwi moto, hapishwi bombani, mpaka apike chakula cha kuomba radhi, na kila aliyeinua mkono kumtenga akile. Akisusa hata mmoja, adhabu haijaisha. Ni mila ya watu wazima na ina sababu zake, maana anayekimbia misiba ya wenzake anastahili kuonja upweke. Kasmiri aliibeba mila hiyo nzimanzima akaileta shuleni, kwa ajili ya mzigo mmoja wa kuni.

"Na mtoto wake je?" mzazi mmoja aliuliza kikaoni.

"Mtoto anakula chakula kilichopikwa kwa kuni za nani?" Kasmiri akajibu.

Mikono ikainuliwa, na wa Philomena ukiwamo. Aliuinua nusu, kama mtu anayejikuna sikio, lakini Mayige aliuhesabu kama mzima.

Kesho yake Philomena ndiye aliyeshika upawa. Kabula akafika na sahani yake, akapiga goti kidogo. "Shikamoo, mama." Philomena akampita, akampakulia aliyefuata. Mtoto akabaki pale pale na sahani yake tupu, akidhani amesahauliwa. "Shikamoo, mama," akarudia. Marahaba haina bei, hata kichaa wa sokoni hupewa. Philomena hakuitoa. Usiku ule alijichukia, na asubuhi akarudi kupika na kumpita tena. Jioni akikutana na Veronica bombani, salamu ya Kisukuma, "mwadila, mayo", ilimfika kwenye ulimi, akaimeza na kutazama ndoo.

Wiki ya pili watoto nao wakaanza. Klabu ya midahalo ilipiga kura ikamtenga Kabula. Benchi alilokalia likapanguswa kwa kitambaa mbele ya macho yake, na uenyekiti akapewa Nancy, binti wa Philomena. Mwalimu Method, mlezi wa klabu, alipoulizwa alisema watoto wamepiga kura wenyewe, na kwamba hiyo ndiyo demokrasia. Mwalimu mzima, ana cheti ukutani! Philomena alipomkaripia bintiye, Nancy alimkazia macho. "Kwani nyinyi mlifanyaje, mama?" Mwana hutazama kisogo cha nina, na kisogo cha Philomena kilikuwa kimeonekana vizuri.

Wiki ya tatu Kabula alimwambia mama yake anaacha shule. Angekwenda Nyashimo kwa shangazi yake, akaoshe vyombo mgahawani. Mtihani wa mwisho ulikuwa umebakiza miezi miwili. Hapo Veronica, aliyekuwa ameapa kwamba hatainama, aliinama. Akatuma watu kwa Mzee Kasmiri kusema yuko tayari kupika.

Ndiyo maana mchana huo kamati na wazazi ishirini walikuwa wamekaa katika darasa la kidato cha pili, madawati yameunganishwa, na sinia za ugali na nyama zinapita. Veronica alisimama ukutani, mikono kifuani, maana aliyepika haketi. Kabula alizunguka na jagi na beseni akiwanawisha, kama ilivyo desturi kwa mtoto wa aliyetengwa. Mikono ileile iliyoinuliwa sasa ilikuwa inamiminiwa maji na mtoto ambaye kwa wiki tatu hakuonja makande.

Mzee Kasmiri alikula kama mtu aliyetoka safari ya mbali. Mafuta yalimtiririka kidevuni hadi kwenye kola. Alifyonza uboho, akagonga mfupa kwenye dawati, akaufyonza tena. "Mama Kabula, unajua kupika!" akasema kwa mdomo uliojaa. "Ungepika hivi mapema tusingegombana." Wenzake wakaangua kicheko. Mayige akacheka mpaka ugali ukamtoka puani.

Philomena aliyatazama yale meno yote yanayotafuna akawaona mbwa wa asubuhi, ila mbwa angalau hawakuita kikao. Kinyaa kilimpanda mwili mzima. Alikuwa na kipande chake cha paja mkononi na alikuwa ameshaamua. Atakiweka chini, atanyanyuka, atasema hali uchafu huu. Liwalo na liwe! Angalau mara moja katika maisha yake atakuwa amesema neno safi mbele ya watu wale.

"Mama Nancy, mbona huli?" Mayige akauliza. "Utaratibu unaujua."

Kasmiri akaacha kutafuna. "Asiyekula ana neno moyoni," akasema taratibu. "Kama kuna mwenye neno, basi jambo hili bado halijaisha. Tutaliangalia mwaka ujao."

Kabula alikuwa amefika mbele yake na beseni. Aliinama kumwagia maji, ingawa Philomena alikuwa ameshanawa, na akasema kwa sauti ya chini sana, "Kula, mama. Tafadhali. Ukisusa wewe, mimi Jumatatu siji shule."

Basi hata hasira yake ilikuwa na mtu wa kuilipia, na mtu huyo hakuwa Philomena. Usafi wake angeununua kwa shule ya mtoto huyu. Akakitazama kipande kile, akavikumbuka vile vitoto viwili, akakitia mdomoni. Alitafuna. Nyama ilikuwa laini, imeiva vizuri, ina chumvi ya kutosha, na hilo ndilo lililomtia uchungu kuliko yote. Alimeza huku wote wakimtazama koo.

"Yameisha!" Kasmiri akatangaza, na watu wakapiga makofi kwa mikono ya mafuta.

Philomena alitembea mpaka nyumbani bila kufungua mdomo, akiogopa kitakachotoka. Alijipa moyo kwamba si kitu, mtoto amerudi shuleni, tumbo litasahau. Alikuwa amekaa nje ya jiko lake Nancy alipotokea kutoka mazoezi ya klabu, anatafuna, midomo inang'aa.

"Unakula nini?"

"Andazi," Nancy alisema. "Kabula ameleta beseni zima klabuni. Mama yake kamkaangia leo asubuhi. Tulimwambia nasi hatuwezi kumrudisha bure bure, lazima alete kitu, na kila aliyempigia kura ale." Akaramba kidole. "Mimi nimekula matatu. Mwenyekiti ndiye anaanza."

Hapo mbuzi alipanda. Philomena alikimbilia nyuma ya jiko akatapika vyote, nyama, ugali, na maji machungu ya mwisho kabisa, mpaka machozi yakamtoka. Aliponyanyuka alimkuta Nancy kasimama pembeni, andazi mkononi, macho yamemtoka.

"Mama, unaumwa?"

"Ndiyo. Naumwa, na wewe nimekuambukiza." Akajifuta mdomo kwa kanga. "Tupa hicho. Leta jembe."

"La nini?"

"Ufukie haya matapishi. Wewe, kwa mikono yako, na usizibe pua. Nataka ujue harufu yake." Alimsubiri mpaka bonge la mwisho la udongo lilipoanguka. "Sasa kanawe. Tunakwenda kwa Mama Kabula, mimi na wewe, kabla jua halijazama."

"Tunamwambia nini?"

Philomena alifunga kanga yake vizuri. Hakuwa na jambo la maana la kumwambia Veronica, wala hakutegemea kufunguliwa mlango.

"Tutaanza na mwadila," alisema. "Asipoitikia, tutasimama palepale tumwamkie tena."