Aliyetolewa Kundini kwa Kukosa Adabu

Mwalimu mstaafu aliliendesha kundi la wagonjwa wa kisukari kwenye simu kama anafundisha darasa la tatu. Ukiingia bila salamu, unakumbushwa. Ukimtukana mwenzako, unaonywa mara moja, ukirudia, nje! Watu mia mbili na ushee, watu wazima na wajukuu wao, wote kimya kama maji mtungini. Yeye mwenyewe hakuwa na sukari. Aliyekuwa nayo ni mdogo wake, msusi, na kundi lilianzishwa kwa ajili yake.

Basi akaingia muuza dawa za majani. Lo, mtu mpole huyo! "Shikamooni wakubwa zangu, samahanini kwa usumbufu." Hakumkataza mtu sindano za insulini, thubutu. Aliuliza tu: "Wapendwa, hivi mwili hauchoki kuchomwa kila siku?" Kisha akaleta shuhuda za watu waliopumzika sindano kwa chai yake.

Nesi mmoja wa wodi ya wanawake akalipuka. "Muuaji mkubwa wewe! Watu watakufa kwa upumbavu wako. Na wewe Mwalimu umekaa tu unachekelea?"

Unachekelea! Yeye, mtu mzima, mbele za watu! Mwalimu akamwonya. Nesi akajibu kwamba adabu haishushi sukari, na mpumbavu ataendelea kumwita mpumbavu. Mwalimu akamtoa. Watu wakapiga makofi skrini nzima, na yule mpole akaandika, "Ahsante Mama, Mungu akutunze." Mwalimu alifurahi, tusidanganyane. Akampigia hata mdogo wake simu wacheke pamoja.

"Lakini dada," msusi akauliza, "si alikuwa anasema ile chai ni mbaya?"

"Angekuwa na la maana angelisema kwa adabu."

"Haya, dada."

Tangu utotoni jibu lake kwa dada yake lilikuwa hilo. Akanunua chai, akaziacha sindano, hakumwambia mtu. Hazikupita siku nyingi akaanguka saluni, mteja kichwa nusu kimesukwa; mkobani mwake Mwalimu akaikuta ile chai, na sindano hazijaguswa. Wodini aliyempokea ni nesi yuleyule. Alihangaika naye siku mbili, hakula vizuri wala hakumtupia Mwalimu neno hata moja, na Mwalimu alitamani angalau amtukane. Siku ya tatu, saa za kuona wagonjwa, msusi akafariki.

Walipotoka kuzika, Mwalimu alikaa kitandani kwa marehemu akafungua kundi. Pole zilijaa tele. Ndefu kuliko zote ilikuwa ya muuza dawa, imepangwa vizuri, salamu mwanzo, dua mwisho. Mwalimu akaisoma mara mbili. Akaandika: "Mshenzi mkubwa! Umeniulia mdogo wangu, na mimi nimekusaidia! Msinunue kwake, jamani, atawamaliza!"

Kisha mama mmoja akaandika, "Mwalimu, lugha jamani." Mwingine akasema, "Na hapa kuna watu wazima."

Muuza dawa naye akaja, taratibu, kama kawaida yake. "Wapendwa, tusimlaumu Mama yetu. Ni uchungu wa msiba. Mimi nimeshamsamehe."

Chini yake, mmoja baada ya mwingine, watu wakamshukuru kwa moyo wake mzuri, na watatu wakauliza ile chai inapatikana wapi.